Somo la Kikundi: Mpango wa Kando



Mwezi wa Machi 2013 televisheni zetu za Kenya zilionyesha tangazo fupi lililochezwa kama filamu. Akina mama wawili wanaongea sokoni. Mmoja ameolewa, lakini ana mwanamume mwingine kando. Mwenzake hamwambii aache. Anamwambia atumie kondomu.

Watazamaji wengi walikasirika. Viongozi wa makanisa na wa Kiislamu walisema tangazo linahalalisha uzinzi. Watu wa afya wakajibu kwamba mambo hayo yapo katika ndoa, na ukimwi unapitia hapo. Mwishowe tangazo likaondolewa.

Sisi twaona kila upande ulikuwa na neno. Uzinzi huvunja nyumba, hilo halina ubishi. Lakini kuondoa tangazo hakukuondoa mpango wa kando. Anayeumia zaidi ni yule wa nyumbani asiyejua lolote. Yeye hana habari ya kondomu wala ya kupimwa.

Basi mume na mke waende kupimwa pamoja. Wiki za kwanza virusi vyaweza kukosa kuonekana, kwa hivyo warudi baada ya miezi mitatu.

Tujadiliane:

1. Kama wangekuwa wanaume wawili wakiongea, tungekasirika vile vile?
2. Rafiki akikueleza siri kama hiyo, utamjibu nini?
3. Ni jambo gani nyumbani hatuongei mpaka linaharibika?

Akina mama na akina baba wajadili kando kwanza, halafu mkutane pamoja.