Mbio Ndefu kwa Asiyezoea Mazoezi

Wapo kati yetu wanaotamani kukimbia kilometa 21 za mbio za Kilimanjaro, zilizoanza mjini Moshi mwaka 2003. Mwili uliozoea kukaa unaweza kufika, lakini kwa miezi, si kwa majuma mawili. Moyo na mapafu hupata nguvu mapema. Mifupa na kano za miguu huchelewa. Ndiyo maana wengi huumia pale wanapojiona wameanza kuweza.

Tufanyeje?

1. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

2. Tuanze na siku tatu kwa juma, nusu saa kila siku: dakika 1 kukimbia, dakika 2 kutembea. Tuongeze kidogo kidogo.

3. Tukimbie kwa mwendo unaoruhusu mazungumzo. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Tuzoee tambarare kabla ya kupanda Ilboru kuelekea Mlima Meru.

4. Anayesikia maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame, apelekwe hospitali mara moja.

Mwenda pole hajikwai.