SOMO LETU: ADA IKIONDOLEWA, NANI ANALIPA?

Soko la kwenye intaneti nalo lina mwenyewe. Oktoba 2024 kampuni ya eBay huko Uingereza iliwaondolea watu binafsi ada ya kuuza vitu vyao, isipokuwa magari. Februari 2025 ikaanza kumtoza mnunuzi: pensi 75 kwa kila kitu, pamoja na asilimia 4 ya bei hadi pauni 300. Basi kitu cha pauni 10 kikaonekana sokoni kwa pauni 11 na pensi 15. Mnunuzi akiona ghali, muuzaji mdogo ndiye anayeshusha bei yake. Ada imehama tu.

Fundisho: ukitangaziwa nafuu, piga hesabu ya kinachobaki mkononi. Muuzaji yule yuko peke yake; sisi tuna chama.

Swali la tawi: ni makato gani kwetu yamebadilishwa jina tu?