Kubadilisha programu ya Bluetooth kwenye kifaa cha zamani bila kukiharibu

Chukua karatasi kwanza. Andika kitu kinachokataa, kwa sentensi moja. "Bluetooth haifanyi kazi" haitoshi. "Printa inaonekana lakini haichapi" inatosha. "GPS imeunganishwa lakini ramani haisogei" inatosha. Ukishaandika hivyo, huenda ukagundua huna haja ya kubadilisha programu yoyote.

Nazungumzia vile vifaa vya mkononi vya Windows Mobile: HP iPAQ, Dell Axim, HTC za mwanzo zenye kalamu, na yale madude magumu ya Symbol na Motorola ambayo bado yanasoma msimbopau ghalani na kutoa risiti. Kwenye hivi, programu inayoendesha redio ya Bluetooth, ambayo mafundi wanaiita stack, inaweza kubadilishwa. Kwenye Nokia ya zamani au simu ya Java haibadiliki, kwa sababu imo ndani ya firmware. Huko utaweka programu ndogo ya kutuma faili, basi.

Jua unayo ipi

Gusa ikoni ya Bluetooth uangalie kinachofunguka. Ukiona dirisha lenye vichupo vya Devices, Mode na COM Ports, hiyo ni stack ya Microsoft. Ukiona Bluetooth Manager yenye My Shortcuts na Active Connections, hiyo ni Widcomm, kampuni iliyonunuliwa na Broadcom mwaka 2004. iPAQ nyingi zilitoka nayo kiwandani. Ukiona BTExplorer, hiyo ni StoneStreet One, na hapo umeshika Symbol au Motorola.

Andika jina hilo, kisha nenda Settings, System, About uandike na namba ya build. Utaihitaji. Mfano: kama una Windows Mobile 5 na unataka kusikiliza muziki wa stereo kwenye hedifoni zisizo na waya, angalia tarakimu inayofuata ile namba ndefu. Build 14847.2.0.0 maana yake ni toleo la nyongeza la 2.0, na muziki wa stereo kwenye stack ya Microsoft ulianzia hapo. Kama yako iko chini ya 2, acha kuhangaika na hedifoni. Tafuta sasisho la mtengenezaji wa kifaa, au Widcomm iliyotengenezwa kwa modeli yako.

Kwanza jaribu hili

Malalamiko mengi ya GPS na printa hayatokani na stack. Yanatokana na namba ya COM. Kifaa kimeoanishwa vizuri, lakini programu ya ramani au ya mauzo inasikiliza bandari isiyo sahihi. Hili ndilo jambo la kukagua kabla ya lolote.

Kwenye stack ya Microsoft, ingia Devices, oanisha GPS au printa, kisha weka tiki kwenye Serial Port. Usipoweka tiki hiyo, kuoanisha peke yake hakusaidii kitu. Halafu nenda COM Ports, gusa New Outgoing Port, chagua kifaa, kipe namba, tuseme COM6. Ondoa tiki ya Secure Connection kama GPS au printa ni ya zamani sana. Sasa fungua programu yako ya ramani au ya risiti uiambie itumie COM6 hiyo hiyo.

Kwa GPS, fungua pia Settings, System, External GPS kama ipo. Pale kwenye Hardware weka COM6. Pale kwenye Programs weka namba nyingine kabisa ambayo haitumiki, mfano COM4, na programu ya ramani utaielekeza COM4 badala ya COM6. Ukiweka namba moja pande zote mbili, zitagombana na ramani haitasogea hata ukizunguka mji mzima. Kasi ya baud 4800 inafaa kwa vipokezi vingi vya GPS vya enzi hizo.

Printa ndogo ya risiti nayo ina njia yake ya kujitambulisha. Izime, shikilia kitufe cha kusukuma karatasi, iwashe huku umekishikilia. Nyingi zitatoa kipande cha karatasi chenye jina la Bluetooth, anwani yake na pini. Kibandike nyuma ya printa. Kesho mtu mwingine hatakuuliza pini ni ngapi.

Ukifika hapa na mambo yamekaa sawa, funga kazi. Kama bado, tuendelee.

Tengeneza njia ya kurudi

Angalia umri wa mfumo. Windows Mobile 2003 na za kabla yake zinaweka programu na data zako kwenye RAM. Betri ikiisha kabisa, kila kitu kimekwenda. Kuanzia Windows Mobile 5, mwaka 2005, data inabaki hata betri ikifa. Kwa hiyo, kwenye zile za zamani zaidi, usianze kazi hii bila chaja ukutani. Betri za miaka hiyo zinadanganya: zinaonyesha asilimia sitini, dakika tano baadaye skrini nyeusi.

Hamisha majina, kalenda na SMS kwenye kadi kwa PIM Backup. Ni ya bure, ndogo, na inatoa faili moja tu. Nyaraka nyingine nakili kwa mkono. Halafu toa ile kadi, iweke kwenye kompyuta, hakikisha faili lipo na lina ukubwa wa maana. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu.

Kadi yenyewe iwe ya GB 2 au chini ya hapo, imefomatiwa kwa FAT. Vifaa vingi vya wakati ule havisomi kadi za SDHC, na zote zinazozidi GB 2 zinazouzwa leo ni za namna hiyo au mpya zaidi. Ukipata kadi ndogo mtumbani, nunua mbili.

Kisha jua hili, maana litakutoa wasiwasi: stack uliyopewa na kiwanda imo kwenye ROM, na usakinishaji wa kawaida wa faili la CAB hauifuti. Unaifunika tu. Faili jipya lenye jina lile lile linakaa kwenye folda ya Windows na kutangulia lile la zamani. Ukifanya hard reset, la zamani linarudi, pamoja na kila kitu kingine kama siku ya kwanza. Ndiyo maana tumechukua nakala. Kubadilisha ROM nzima ni kazi nyingine, hatari zaidi, na kwa tatizo la Bluetooth peke yake mimi siishauri.

Kupata faili na kuliweka

Pakua kwa kompyuta. Internet Explorer ya kwenye kifaa haifungui tovuti za leo. Kama una Windows XP na ActiveSync 4.5, programu ya kuunganisha kifaa na kompyuta, tumia kebo. Kama una Windows 10 au 11, usipoteze jioni nzima na Windows Mobile Device Center. Weka CAB kwenye kadi kwa kisomea kadi, rudisha kadi kwenye kifaa, fungua File Explorer, gusa faili. Imeisha.

Chagua faili la modeli yako, siyo "linalofanana". Stack haiongei na hewa, inaongea na chipu ya redio iliyomo ndani, na chipu hazifanani. Za CSR zina itifaki yao. Za Texas Instruments zinataka kulishwa maelekezo yao kila zinapowashwa ndipo ziamke. Widcomm ya iPAQ ukiiweka kwenye HTC inaweza kufunguka vizuri, menyu zote zikaonekana, na isione redio kabisa. Pia Widcomm ilikuwa ya leseni. Ile iliyochomolewa kwenye kifaa kingine na mtu usiyemjua haina wa kumuuliza ikikwama, na huwezi kujua kilichochomekwa humo.

Zima Bluetooth kabla ya kusakinisha. Kama umezoea kuunganisha kompyuta kwa Bluetooth, leo tumia kebo au kadi, usikate tawi ulilokalia. Futa vifaa vyote vilivyooanishwa. Kama kuna stack nyingine uliyoiweka mwanzo, iondoe kwenye Remove Programs, kisha soft reset (kuwasha upya bila kufuta data). Redio ni moja na inataka msimamizi mmoja. Ukiziacha mbili, utaona taa ya buluu inawaka, utafutaji unazunguka, na hakuna kifaa kinachopatikana.

Windows Mobile 5 na 6 inaweza kukuuliza: Device au Storage Card? Jibu Device, hata kama nafasi ni finyu. Draiva ya stack inapakiwa mapema kifaa kinapowaka, wakati kadi bado haijasomwa. Michezo na kamusi ndizo za kupeleka kwenye kadi.

Ikimaliza, soft reset. Usiwashe Bluetooth kabla ya hapo.

Symbol na Motorola: hapa ni rahisi zaidi

Kama kazi yako ni ghala, usambazaji au kusoma mita, una bahati. Modeli nyingi za MC, mfano MC55 na MC75, zimebeba stack mbili ndani tayari: ya Microsoft na ya StoneStreet One. Hupakui kitu. Unabadilisha namba moja tu kwenye rejista.

Njia iko hapa: HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\SymbolBluetooth. Ndani yake kuna thamani ya DWORD iitwayo SSStack. Ikiwa 1, inatumika StoneStreet. Ikiwa 0, inatumika ya Microsoft. Iandike kwenye faili la .reg, liweke kwenye folda ya Application, kisha fanya cold boot, yaani uwashaji upya wa kina. Folda hiyo haifutiki kwa cold boot, kwa hiyo badiliko lako litadumu.

Ila usichanganye cold boot na clean boot. Clean boot inaweza kufagia hata hiyo Application yenyewe, pamoja na programu ya mauzo ambayo pengine hakuna anayekumbuka CD yake ilipo. Soma mwongozo wa modeli yako uone vitufe vya kila moja kabla hujavishika. Miongozo utaipata Zebra, siyo Motorola: Symbol ilinunuliwa na Motorola mwaka 2007, na kitengo hicho kikahamia Zebra mwaka 2014.

Jambo lingine la hapa: muulize aliyetengeneza programu yenu. Programu iliyoandikwa kuongea na StoneStreet moja kwa moja haitaongea na Microsoft, hata kama printa imeoanishwa safi. Simu moja kwa fundi huyo inaweza kukuokolea siku nzima. Ile inayotumia namba ya COM tu haina shida sana. Utabadilisha namba kwenye mipangilio yake na maisha yataendelea.

Baada ya kuwasha

Oanisha upya kila kitu. Funguo za zamani zilikaa kwenye stack ya zamani, mpya haizijui. Futa pia jina la kifaa chako upande wa pili, kwenye hedifoni au kompyuta, la sivyo upande mmoja utadai "tunafahamiana" na mwingine utakataa. Pini ikiombwa, anza na 0000, kisha 1234.

Usitegemee miujiza. Redio na stack hizi ni za kabla ya Bluetooth 4.0 ya mwaka 2010, kwa hiyo saa janja, mizani na vitambuzi vinavyotumia Bluetooth ya nishati ndogo haviwezi kuonekana, hata ubadilishe stack mara ngapi. Hilo ni suala la redio.

Jaribio la kwanza liwe dogo. Tuma picha moja kwenda simu ya Android. Usitumie iPhone kwa jaribio hili, maana haipokei faili kwa njia hiyo na utadhani umeharibu. Halafu jaribu kile ulichoandika kwenye karatasi.

Kisha zima kifaa kwa kitufe, kiache kilale kama dakika kumi, kiamshe, ujaribu tena bila kugusa mipangilio. Hapo ndipo stack mbaya hujulikana. Nyingi zinafanya kazi vizuri mpaka kifaa kilale, na kikiamka redio haiamki nacho. Kama imekataa, soft reset na ujaribu mara ya pili. Ikikataa tena, rudi kwenye ile ya kiwandani.

Ikipita, ficha kifaa kwenye utafutaji: ondoa tiki ya kuonekana na wengine. Programu hizi hazipati tena viraka vya usalama, na hakuna sababu ya kila mtu kwenye daladala kuliona jina la ghala lenu.

Kama una vifaa kumi, badilisha kimoja tu kwanza. Mpe yule mfanyakazi anayelalamika kuliko wote, akae nacho wiki nzima, mvua na jua. Akinyamaza, nakili lile faili la .reg au CAB kwenye vingine tisa, na nakala moja iache kwenye ile kadi ya pili ya GB 2, ndani ya bahasha yenye jina la modeli na namba ya build.