Somo: Damu Imwagikayo Ndani ya Nyumba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia nyumba kuwa mahali pa utulivu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, damu ya kwanza kumwagika juu ya ardhi haikumwagwa na adui wa mbali wala mwizi wa usiku. Ilimwagwa na ndugu, na aliyeuawa ni nduguye wa baba mmoja. Kisa hicho kimo katika Suratul-Maida, tangu aya ya 27 hata ya 31, na watoto wetu hukisoma vyuoni. Na angalieni mpango wa aya: mara tu baada ya kisa hicho, katika aya ya 32, Mwenyezi Mungu akatufahamisha ya kuwa mwenye kuua nafsi moja pasi na haki ni kama aliyewaua watu wote. Hukumu hii kubwa imefuatishwa na mauaji ya nyumbani, si ya vitani. Basi atakayesema, "Hayo ni mambo ya nyumba ya watu, hayatuhusu," na ajue ya kuwa Mola wake ameyahusisha na watu wote.

Katika nchi yetu hii ya Kenya khabari hizo zimekithiri. Mwezi wa Oktoba 2021, mwanariadha Agnes Tirop, kijana wa miaka 25, alikutwa ameuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten. Mumewe alikamatwa Mombasa, akashtakiwa kwa mauaji, naye akakana mashtaka. Tarehe 1 Septemba 2024, huko Endebess, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia katika Olimpiki ya Paris mwezi uliotangulia, alimwagiwa petroli na kutiwa moto. Alifariki hospitalini Eldoret tarehe 5. Mwanamume aliyetajwa kwa tendo hilo, aliyekuwa mwenzi wake, naye alikufa kwa majeraha ya moto ule ule siku chache baadaye. Baba wa marehemu alieleza ya kuwa ugomvi ulikuwa juu ya ardhi, na ya kuwa walikwisha kuupeleka kwa polisi kabla ya siku ile. Wanawake hawa hawakuwa wa dini yetu. Lakini aya imetaja nafsi, wala haikuuliza nafsi hiyo ni ya nani.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya Bonde la Ufa tu, na sisi wa Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay tumesalimika. Jumamosi ya tarehe 27 Januari 2024 watu waliandamana katika miji mingi ya Kenya, na Kisumu mmojawapo, wakilia juu ya kuuawa kwa wanawake. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 juu ya afya za watu ulionyesha ya kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hata 49, wapatao 34 wamekwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Hapana msikiti usio na binti wa hesabu hiyo.

Nami nianze kwa kujihesabu nafsi yangu kabla ya kuwahesabu wengine. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinijia baada ya darsa, akalalamika kwamba mumewe humpiga. Nikamwambia asubiri, amhurumie mumewe, asitoe siri ya nyumba. Nilidhani nimetoa fatwa ya hekima. Baada ya mwezi alirudi mkono wake umefungwa, hakusema neno, akaketi nyuma ya wanawake wenziwe akasikiliza darsa. Siku ile nilisoma juu ya subira, na ulimi wangu ukawa mzito. Mwenyezi Mungu alimwokoa kwa mkono wa kaka zake, si kwa mkono wangu. Kosa langu lilikuwa nini? Nilimwamrisha subira aliyedhulumiwa, nisimkataze dhulma aliyedhulumu. Na Mtume (s.a.w.) alipofundisha kumnusuru ndugu aliye dhalimu, alieleza ya kuwa nusura yake ni kumzuia asidhulumu. Basi mimi sikumnusuru mke wala mume.

Sasa na tuitazame shubuha ya wale wasemao ya kuwa sharia imemwachia mume mkono wake. Hao huitaja mno aya ya 34 ya Suratun-Nisaa, wala hawaisomi aya ya 19 iliyo kabla yake, inayowaamrisha waume kukaa na wake kwa wema, wala aya ya 35 iliyo baada yake, inayoamrisha kuletwa mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Wanazuoni waliifunga ruhusa ile kwa masharti mazito: pasiwe na jeraha, wala kuumiza, wala kugusa uso. Na Imam Shafi, ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, alisema ya kuwa kuacha kupiga ndiko bora. Na mume akileta madhara kwa kupiga kwake, mafakihi wamemtoza dhamana ya madhara hayo. Yu wapi basi mwenye kuvunja mkono na kudai kuwa ametekeleza aya?

Na mwenendo wa Mtume (s.a.w.) ndiyo tafsiri iliyo wazi zaidi. Bibi Aisha amesimulia, naye Imam Muslim ameipokea, ya kuwa Mtume hakumpiga mwanamke kamwe. Katika Abu Dawud imepokewa ya kuwa wanawake wengi waliizunguka nyumba yake wakiwashtaki waume zao kwa kupigwa. Hakuwafukuza, wala hakuwaambia wafiche siri za nyumba, bali aliwatangazia watu ya kuwa waume wa namna hiyo si wabora wao. Na Fatima binti Qays alipotaka shauri juu ya waliomposa, Mtume alimweleza wazi ya kuwa mmoja wao, Abu Jahm, fimbo haimtoki begani. Hapo twajifunza ya kuwa kumtahadharisha binti juu ya mposaji mwenye mkono mwepesi si kusengenya, ni amana.

Lipo swali ambalo huulizwa sana: mwanamke akidai na mume akakana, tumsadiki nani? Hapa wengi huteleza pande mbili. Wako wanaomhukumu mume kwa uvumi, na Suratul-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuthibitisha khabari. Na wako wanaosema, "Hapana ushahidi," wakamrudisha mke palepale panapoogopewa. Imam Nawawi katika Minhaj ameonyesha njia ya katikati: kila mmoja akidai ya kuwa mwenziwe ndiye mkosa, kadhi huipeleleza hali yao kwa mtu mwaminifu, kisha humzuia aliye dhalimu. Na wafafanuzi wakaeleza ya kuwa mtu huyo ni jirani yao, na wasipokuwa naye, kadhi huwakalisha karibu na mwaminifu atakayewaangalia. Ugomvi ukizidi, ndipo hupelekwa waamuzi wawili. Kwa hiyo kanuni ni hii: hukumu husubiri ushahidi, hifadhi haisubiri. Kumpa mwanamke mahali pa kulala salama si kumhukumu mumewe.

Na je, mwenye kupigwa akiua? Sharia imempa kila mtu haki ya kujikinga na anayemshambulia, kwa njia iliyo nyepesi kwanza, na asipite kadiri ya haja. Lakini kumvizia mtu baada ya shambulio kwisha ni jambo jingine, wala si la sisi barazani kuamua. Katika nchi hii kesi ya mauaji ni ya Mahakama Kuu. Mahakama ya Kadhi, kwa Katiba ya 2010, husikiliza ndoa, talaka, mirathi na hali za watu za Kiislamu tu. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 14 Disemba 2017, jaji halazimiki kumhukumu kifo kila apatikanaye na hatia ya kuua kwa kusudi, bali hutazama hali zote. Nao jamaa za aliyeuawa wakumbuke aya ya 33 ya Suratul-Israa: wamepewa haki, lakini wamekatazwa kupita mpaka. Kuchoma nyumba ya mshtakiwa na kuwafukuza watoto wake si kisasi cha haki, ni dhulma ya pili.

Na ambaye moyo wake umevutwa na shamba au nyumba ya mkewe, na ajue hukumu hii: muuaji hamrithi aliyemwua. Ameikosa mali ya dunia, na Suratun-Nisaa, aya ya 93, yamtaja amwuaye muumini kwa kusudi kwa makamio ambayo mwenye akili hawezi kuyasoma bila ya kutetemeka.

Basi yatupasa nini? Baba usimrudishe binti yako kwa ajili ya kuogopa kurejesha mahari. Mahari hurudishwa, roho hairudi. Mama usimwambie mwanao ya kuwa nawe ulipigwa ukavumilia. Jirani ukisikia kilio usiku, bisha mlango. Imamu akujiaye mlalamikaji, msikilize, wapelekee habari jamaa za pande mbili, na pakiwa na khofu ya damu usiseme "tutayamaliza nyumbani". Sheria ya nchi ya mwaka 2015 juu ya unyanyasaji wa nyumbani yaipa mahakama uwezo wa kumkataza mtu kumkaribia anayemtisha, na namba 1195 hupigwa bila ya malipo. Kadhi naye yupo Kisumu kwa mwenye kutaka kuachana kwa wema, kama Suratul-Baqara, aya ya 229, ilivyotuelekeza. Talaka yachukiza, lakini jeneza lachukiza zaidi.

Wazee wetu walisema, mficha uchi hazai. Nasi tumeficha sana, na tulichozaa ni makaburi. Mama yule niliyemwambia asubiri yu hai leo, alhamdulillahi. Kila nimwonapo msikitini humwomba Mola anisamehe. Naye nilikwisha kumwomba msamaha mbele ya kaka zake, akanisamehe. Ewe uliye na deni kama langu, usingojee mpaka umwombe msamaha maiti.

Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu mapenzi na huruma, na azihifadhi damu zetu. Wabillahi tawfiq.