Muulize Mwalimu: Maneno tele mdomoni, daftari tupu

Wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani hutuandikia kuhusu hesabu, ratiba na mitihani, lakini somo linaloleta machozi mezani ni kuandika. Tumekusanya maswali yanayojirudia na kumkabidhi mwalimu aliyefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, ambaye sasa huelekeza familia za Nairobi na Pwani zinazosomesha nyumbani.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka 8. Ukimuuliza habari za safari ya kwa bibi, atakusimulia mpaka chai ipoe. Ukimwambia aandike, unapata "Nilienda kwa bibi. Nilifurahi." Ni uvivu?

Marahaba, mama. Uvivu haumo hapo. Anayeandika hufanya kazi tatu kwa mpigo: kutafuta la kusema, kulipanga liwe sentensi, na kulitia karatasini kwa herufi, tahajia, nafasi na nukta. Kwako wewe hiyo ya tatu mkono umeshaizoea. Kwake bado inamaliza akili yote. Akiwaza mkia wa "g" unaelekea wapi, yule mbuzi wa bibi aliyekula leso keshamtoka kichwani. Kwa hiyo anachagua sentensi fupi ambazo hazitamsumbua.

Zitenganishe kazi hizo. Saa ya kutunga, wewe uwe karani: yeye aseme, wewe uandike neno kwa neno bila kumrekebisha. Saa ya kuandika, anakili sentensi mbili tatu kati ya zile alizosema mwenyewe. Usimdai vyote viwili kwa pamoja mpaka mkono uwe mwepesi.

Nikimwandikia mimi, si nitamlemaza?

Utamlemaza ukibaki karani milele. Njia hii ni ya zamani. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza ambaye kitabu chake kuhusu elimu ya nyumbani kilitoka 1886, alitaka mtoto kuanzia miaka 6 asomewe kifungu mara moja tu, kisha akisimulie kwa maneno yake. Insha za kuandika zilisubiri. Alijua kwamba anayeweza kusimulia kwa mpangilio ameshaanza kutunga.

Jiondoe kidogo kidogo. Kwanza andika yote. Kisha mwachie sentensi ya mwisho. Baadaye pokezaneni, sentensi yako, sentensi yake. Akishazoea, mwandikie maneno matano ya kumkumbusha kando ya ukurasa, mengine ajaze mwenyewe. Simu pia inasaidia: ajirekodi kama anavyomtumia shangazi ujumbe wa sauti, kisha asikilize kipande, asimamishe, aandike, aendelee. Hapo anajiandikia maneno yake mwenyewe, na wewe uko jikoni.

Mwandiko wake hausomeki, na mkono unamuuma baada ya mistari mitatu.

Kabla ya mwandiko, tazama anavyokaa. Meza ya kulia chakula ni ya watu wazima: miguu inaning'inia, mabega yamepanda hadi masikioni. Weka kreti ya soda chini ya miguu yake na mto kitini, viwiko vilingane na meza. Kisha geuza ukurasa alioandika upapase nyuma. Ukihisi matuta, anakandamiza mno, na ndiyo sababu ya maumivu. Mpe penseli laini, na iwe kipande kifupi, kwani kifupi hakishikiki kwa ngumi. Kidole gumba na cha shahada vishike, cha kati kiegemeze.

Daftari la hesabu lenye visanduku, herufi moja kila kisanduku, hunyoosha mwandiko kuliko kelele za mzazi. Na vidole hupata nguvu nje ya daftari: kukanda unga wa chapati, kukamua nguo, kumenya njegere, kushona vifungo.

Kama anatumia mkono wa kushoto, muacheni. Lazeni karatasi ili upande wake wa juu uelekee kulia, na ashike penseli juu kidogo aone anachoandika.

Anaandika "nime cheza" na "ata mimi". Nasahihisha kila siku, kesho yanarudi.

Hayo ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake. Kiswahili huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa, hivyo kosa la mtoto hukuonyesha sikio lake limenasa nini.

"Nime cheza" ni kosa la mpaka wa neno. Muulize, "Umefanya nini?" Anaweza kujibu "Nime" akanyamaza? Atacheka, na ameelewa: kisichoweza kusimama peke yake hakiachiwi nafasi. Kata vikaratasi: *ni, tu, wa*, *na, li, me, ta*, *cheza, soma, lima*. Aunge "tu" na "li" na "cheza" kwa selotepu, asome, anakili neno zima. Akizoea, ongezeni vipande hadi "tulipowasomea".

"Ata" ni kosa la sikio. Aweke kiganja mbele ya mdomo: kwenye "hata" atahisi pumzi. Kwa wanaochanganya l na r, tumieni maneno yanayogeuka maana, kama *kalamu* na *karamu*, au *mahali* na *mahari*. Sema moja, naye aonyeshe picha yake kabla ya kuliandika.

Wiki moja sahihisha aina moja tu ya kosa, mengine yapite. Na tahajia ya Kiingereza, isiyofuata matamshi, iwe na kipindi chake. Anayeshindwa huko anaweza kuwa anaandika Kiswahili vizuri kabisa.

Wangu ana miaka 6, anageuza b na d.

Ni kawaida, na wengi huendelea nalo hadi miaka 7 hivi. Fundisha b peke yake, aichore kwa kidole kwenye sinia la unga, mpaka ikae. Ndipo uilete d.

Akiona daftari tu, analia.

Basi daftari lipumzike, kuandika kuendelee. Aandike orodha ya sokoni, nawe ununue kilichoandikwa tu: akisahau vitunguu, mchuzi utamfundisha. Aandike kitendawili kimoja cha mstari mmoja, akikunje, baba akitegue akirudi kazini. Mtoto anayejua kuna mtu anasubiri kusoma huandika kwa moyo.

Kaeni dakika 10 kwa saa ya ukutani, na zikiisha mfunge hata kama sentensi imefika katikati. Msimwadhibu kwa kumwandikisha mistari mia: mkishafanya kalamu kuwa kiboko, msishangae akiikimbia.

Ni wakati gani nitafute mtaalamu?

Anza na macho na masikio, yapimwe. Kisha tazama: amepita miaka 9, mmefanya mazoezi ya kila siku kwa miezi kadhaa, na bado hakuna mabadiliko. Au kusoma pia kunamshinda, au hata vifungo vya shati ni kazi. Huenda ni disgrafia, yaani ugumu wa kuandika, au disleksia, yaani ugumu wa kusoma, na hakuna kati ya hizo inayomaanisha mtoto ni mjinga.

Kenya ina vituo vya kutathmini watoto, EARC, vilivyoanzishwa 1984, pamoja na Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoko Kasarani. Tanzania, anzia kwa afisa elimu maalumu wa wilaya. Nenda na daftari za miezi iliyopita zenye tarehe, usichague kurasa nzuri tu, na rekodi ya sauti yake akisimulia. Tofauti kati ya hivyo viwili itamsaidia mtaalamu.

Wakati mnasubiri majibu, masomo mengine yasisimame. Kwenye sayansi na historia ajibu kwa mdomo, umpe alama za sayansi na historia. Mwandiko una kipindi chake.