Mhariri Aliyejenga Daraja

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi hupita Kibiti, kisha Ikwiriri, na mara huuona mto Rufiji chini yake. Huuvuka kwa dakika chache. Wazee wa njia hiyo hawakuvuka hivyo. Walingoja pantoni ya Ndundu, na mto ulipofurika, Kusini yote ilikatika na magari yakalala ng'ambo. Daraja hilo, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, nalo laitwa kwa jina la Benjamin William Mkapa.

Wengi twamkumbuka kuwa Rais. Wachache twakumbuka kwamba alikuwa mhariri. Alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, akasoma Ndanda, Kigonsera na Pugu, akahitimu Makerere mwaka 1962. Mwaka 1966 alikabidhiwa magazeti ya TANU, The Nationalist na Uhuru. Mwaka 1972 akahamia Daily News, gazeti la serikali. Mwaka 1974 Mwalimu Nyerere akamfanya katibu wake wa habari. Baadaye ukaja ubalozi, ukaja uwaziri, na mwaka 1995 urais.

Tusidhani lakini kwamba kalamu yake ilikuwa huru kabisa. Magazeti yale yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni chama na dola. Mhariri wa namna hiyo huzoea kuwaeleza wananchi mambo ya serikali. Kuihoji serikali ni kazi nyingine. Pengine ndiyo sababu, alipokuwa Rais, alihutubia taifa kila mwisho wa mwezi kwa maelezo marefu yenye hesabu, huku waandishi wa nyumbani wakinung'unika kwamba hawapati nafasi ya kumwuliza. Uzeeni aliishika tena kalamu. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2019, alikiri kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 ni doa katika utawala wake. Kwetu sisi, ungamo hilo lapita hotuba nyingi. Alifariki Julai 2020, akazikwa kwao Lupaso.

Daraja limewafaa sana watu wa Lindi na Mtwara, wala hatulipunguzii sifa. Ila wapo majirani zake wasiolipita. Huko delta, wilaya ya Kibiti, katika Salale, Mbwera na Maparoni, barabara ni mito ipitayo katikati ya mikoko. Mama mjamzito na mwalimu aliyehamishiwa huko hupanda chombo kimoja, nao husafiri maji yajaapo, si wapendapo.