Kuondoka Ukiwa Bado Unashangiliwa

Wadogo zangu, leo nataka tumzungumzie Maya Moore, aliyekuwa mchezaji wa kikapu, kwa sababu barua zenu za siku hizi zinauliza jambo moja: "Dada, nimefika pazuri, lakini moyo wangu uko kwingine. Nikiacha sasa, watu watanionaje?" Mmoja wenu ana kazi benki na mama yake anaugua kijijini. Mwingine ni nahodha wa timu ya kikapu chuoni, amechoka, anatamani kupumzika msimu mzima lakini anaona haya kusema.

Maya alizaliwa Jefferson City, Missouri, huko Marekani, mwaka 1989, akalelewa na mama yake. Katika miaka 4 aliyochezea Chuo Kikuu cha Connecticut, timu ilishinda michezo 150 na kupoteza 4 tu. Mwaka 2011 Minnesota Lynx walimchukua wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wapya wa WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, na mwaka huohuo wakatwaa ubingwa. Wakautwaa tena 2013, 2015 na 2017. Weka hapo tuzo ya mchezaji bora wa ligi 2014 na dhahabu za Olimpiki za London na Rio. Utafute mchezo wa tatu wa fainali za 2015 dhidi ya Indiana Fever uutazame. Timu zimefungana, zimebaki chini ya sekunde 2, anapokea mpira, anamhadaa mlinzi, mlinzi anaruka na kumpita, naye anarusha kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. King'ora kinalia mpira ukiwa angani, na unaingia.

Wewe nahodha, sikia na hili. WNBA huchezwa majira ya joto, na kwa miaka mingi malipo yake yalikuwa madogo, kwa hiyo mabingwa wengi walifunga mabegi kila msimu ulipoisha wakaenda kucheza ng'ambo. Maya alicheza Hispania na China. Mwili unaochezeshwa mwaka mzima hudai haki yake, na kuidai si uvivu.

Februari 2019, akiwa na miaka 29 tu, alitangaza kwamba hatacheza msimu ule. Palikuwa na mtu gerezani Missouri, Jonathan Irons, aliyekamatwa akiwa na miaka 16 na kuhukumiwa miaka 50 kwa uvamizi wa nyumba na shambulio la bunduki ambalo siku zote alikana. Maya alimfahamu mwaka 2007 kupitia ndugu zake waliokuwa wakihudumu gerezani, na sasa akaacha uwanja aipiganie kesi yake. Machi 2020 hakimu aliibatilisha hukumu, na moja ya sababu ni ushahidi wa alama za vidole ambao upande wa utetezi haukupewa. Julai 1 Irons alitoka akiwa huru. Mwaka huohuo wakaoana. Maya alistaafu rasmi Januari 2023.

Wapo waliosema amepoteza miaka yake bora. Mimi nasema hata kama mahakama ingekataa, bado angekuwa amechagua sawa, kwa maana alijua anaacha nini na kwa ajili ya nani. Ni Mkristo, na hajawahi kuficha kwamba imani yake ndiyo inayompangia lipi litangulie. Vikombe alivipenda, akavitolea jasho, ila hakuvifanya kuwa yeye.

Lakini msinielewe vibaya mkakimbilia barua za kujiuzulu! Maya hakukurupuka. Kesi ile aliifahamu kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kuvua jezi. Jiulize basi, hilo linalokuvuta lina umri gani? Kama lilianza juzi baada ya kugombana na bosi, hiyo ni hasira, ilale kwanza. Pili, alisema mapema, kabla msimu haujaanza, na alianza kwa kuacha msimu mmoja. Hakufunga mlango siku ya kwanza. Tatu, na hapa sitawapambia maneno, alikuwa ameshajijengea jina na kipato, hata nje ya uwanja: mwaka 2011 alikuwa mwanamke wa kwanza wa kikapu kusaini na Jordan Brand, chapa ya viatu na mavazi ya michezo. Wewe mwenye deni la kikoba na kodi ya nyumba, hesabu kwanza. Ukiwa na akiba ya miezi kadhaa, mama utamuuguza kwa utulivu. Bila hiyo utakuwa na wagonjwa wawili.

Kuhusu watu watakavyokuona, Maya alicheza WNBA misimu 8 tu, na mwaka 2025 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa kikapu wa Naismith. Kazi uliyoifanya vizuri haifutiki kwa sababu umeondoka.

Basi mdogo wangu wa benki, wiki hii nenda ofisi ya utumishi ukaulizie likizo bila malipo, na umuulize kaka yako atachangia nini, maana mama si wako peke yako. Nawe nahodha, kamwone kocha kabla majina ya msimu hayajapelekwa, umweleze mwenyewe, asisikie kwa wenzako. Kisha niandikieni mniambie mmejibiwa nini.